Miti ya Kwetu na Kazi ya Hiari: Tarikh ya Bustani za Mimea katika Uganda

Tarikh ya mji mara nyingi huandikwa kwa majengo yake. Atakaye kuijua Kampala huonyeshwa kilima cha Old Kampala, ambako Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwishoni mwa mwaka 1890 na ambako leo umesimama msikiti mkuu wa taifa; kisha huonyeshwa Kibuli, Namirembe na Rubaga. Ni nadra mgeni kuonyeshwa mti. Lakini vilima hivi vilikuwa na miti kabla ya kuwa na majengo, na habari za miti hiyo, pamoja na habari za watu walioitunza bila ya ujira, ni sehemu ya tarikh ya jamaa wote wakaao hapa. Makala haya yakusudia kuzikusanya habari hizo kwa ufupi, ili vijana wajue kilichokuwapo, kilichopotea, na kile ambacho bado chaweza kuokolewa.

KAZI YA NCHI

Katika Buganda ya kale palikuwa na kazi iliyoitwa bulungi bwansi, maana yake wema wa nchi. Ngoma ililia, mkuu wa kijiji akawaita watu, na kila nyumba ikatoa mtu na chombo chake cha kazi. Walisafisha visima, walifyeka njia, na penye vinamasi walitia magogo na matete ili wasafiri wapate kupita. Hapakuwa na mshahara. Speke na mwenzake Grant walipofika Buganda mwaka 1862, walistaajabia njia pana zilizopita juu ya vilima na mabonde; njia hizo zilikuwa kazi ya mikono ya watu hao. Grant ndiye aliyekusanya mimea katika safari ile, na orodha ya mimea hiyo ikachapishwa London kuanzia mwaka 1872. Hivyo mimea ya nchi hizi ikaanza kujulikana katika vitabu vya Ulaya.

Si haki kusema kwamba kazi ile ya kale ilikuwa ya hiari tupu, kwani machifu walikuwa na nguvu, na aliyekataa aliona aibu au adhabu. Lakini faida yake ilirudi kwa wale wale walioifanya. Mambo yalibadilika ulipofungwa Mkataba wa 1900 baina ya Mwingereza na Buganda. Mkataba huo uliifanya kazi ya barabara kuwa sheria: chifu alipewa haki ya kuita mfanyakazi 1 kwa kila nyumba 3, na mtu asitumikishwe zaidi ya mwezi 1 katika mwaka. Kazi hiyo iliitwa luwalo, na baadaye wengi waliruhusiwa kulipa fedha badala yake. Tangu hapo pana tofauti kubwa baina ya kazi ambayo mtu hulazimishwa na ile aifanyayo kwa kuwa aipenda nchi yake.

Mkataba huo huo uligusa miti pia. Maili za mraba 1,500 za misitu ziliwekwa chini ya serikali. Nuhu Mbogo, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu, alipewa maili za mraba 24 kwa ajili yake na wafuasi wake. Katika mwaka mmoja, basi, msitu ulipata mwenyewe mpya, na jamaa wa Kiislamu wakapata ardhi ya kutunza. Mambo haya mawili yafaa kukumbukwa pamoja.

BUSTANI YA ENTEBBE

Miaka 2 kabla ya mkataba huo, yaani mwaka 1898, serikali ya Mwingereza ilianzisha bustani ya mimea huko Entebbe, kando ya Ziwa la Viktoria Nyanza. Nchi ilikuwa bado katika ghasia. Kabaka Mwanga alikuwa amekwisha ondoka Mengo mwaka 1897 kwenda kupigana, na askari wa Kisudani, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, walikuwa wameasi katika mwaka huo huo. Ndipo katikati ya vita akaja Alexander Whyte, aliyekuwa ametumika katika nchi ya Nyasa, iitwayo sasa Malawi, akaanza kupanda miche.

Bustani ile haikuanzishwa kwa ajili ya uzuri wala kwa ajili ya miti ya kwetu. Serikali ilikuwa na haja ya fedha, na reli ilikuwa yaja; ilifika ziwani mwaka 1901. Ilitafutwa mimea ambayo mazao yake yangeweza kuuzwa ng'ambo. Kwa hiyo ilijaribiwa mipira, mikakao, mikahawa na mingineyo kutoka Asia na Amerika. Mche ulioonekana wafaa uligawiwa, usiofaa uliachwa. Bustani ilikuwa kama meza ya tajiri apimaye bidhaa zake.

Ajabu ni kwamba, zaidi ya miaka 120 baadaye, mgeni aendaye Entebbe hustaajabia zaidi kile ambacho hakikupandwa na mtu. Katika hekta zile 40 hivi kimebaki kipande cha msitu wa asili wa kando ya ziwa, chenye miti mirefu iliyozungukwa na mitambaazi, na mbega weusi kwa weupe wakiruka matawini. Kipande hicho hakikuletwa kwa meli. Kiliachwa tu, na kuachwa huko kumekuwa na thamani kuliko majaribio mengi yaliyofanywa kwa gharama. Leo bustani hiyo iko chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na kazi yake mojawapo ni kuhifadhi mbegu na miche ya asili ambayo hapo mwanzo haikuwa ndiyo shabaha yake.

MAJINA YALIYOTOLEWA BURE

Mwaka 1940 bwana wa misitu W. J. Eggeling alitoa kitabu kikubwa juu ya miti ya asili ya Uganda, na katika miaka ya 1950 kikatoka tena baada ya kusahihishwa na Ivan Dale. Kitabu hicho bado ni msingi wa elimu hiyo. Akifunguaye huona kando ya majina ya Kilatini majina ya Kiganda, Kinyoro, Kitoro na lugha nyinginezo za nchi.

Majina hayo hayakutoka London. Yalitoka vinywani mwa wazee, waganga, wachonga mitumbwi na wanawake watafutao kuni, ambao waliusimamisha msafara, wakaushika mti na kusema: huu ni fulani, na kazi yake ni hii. Walitoa elimu yao bila ya ujira, na wengi wao hawakutajwa. Kwa haki, wao ndio watu wa kwanza waliojitolea kwa ajili ya elimu ya mimea katika nchi hii.

Mifano ya elimu hiyo ni mingi. Abasi ni mti wenye gome kali kama pilipili, linalotumiwa kwa homa na maumivu ya tumbo. Muwafu huzaa mpafu, tunda jeusi lililowekwa katika maji ya uvuguvugu likalainika, na utomvu wake ukikauka hufukizwa kama ubani. Kahawa iitwayo robusta haikuja na Mzungu: ni mmea wa misitu ya pande hizi. Zamani buni zake zilitafunwa, na watu wawili waliofungamana kwa udugu wa damu waligawana mbegu mbili za tunda moja. Yeyote anywaye kahawa hii leo anywa mmea wa kwao.

LUBUGO NA MARIKANI

Hapana mti ulioshikamana na maisha ya Buganda kama mutuba. Gome lake huchunwa, kisha shina hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya likaota. Mti mmoja huweza kuchunwa kwa miaka mingi bila ya kufa, ikiwa mkono uuchunao una elimu. Gome hupondwa kwa nyundo za mti hata likawa pana na laini, lenye rangi ya udongo mwekundu. Hiyo ndiyo nguo iitwayo lubugo, na katika watengenezaji wake waliosifika ni watu wa ukoo wa Ngonge. Kila aliyekuwa na shamba la migomba alikuwa na mituba ukingoni mwake. Hakuiotesha kwa mbegu bali kwa kukata tawi na kulisimika ardhini.

Mwaka 1844, katika zama za Kabaka Suuna, Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Buganda pamoja na biashara ya pwani. Pamoja na dini na kusoma zikaja marikani na bafta. Mutesa mwenyewe alipenda mavazi ya pwani, na wakuu wake wakamwiga. Muda si muda aliyevaa pamba alionekana mstaarabu, na aliyevaa lubugo alionekana mshamba. Waislamu walizika maiti zao katika sanda nyeupe, na wengine waliobadili dini wakayaacha magome kwa namna yao. Hapana lawama katika kuvaa pamba wala katika kuifuata sheria. Ila tarikh yataka kusema kweli: jamaa wa Kiislamu walikuwa na sehemu yao katika kupungua kwa lubugo, na lubugo ilipopungua, mutuba ukakosa mtu wa kuusimika tena.

Mwaka 2005 shirika la UNESCO lilitangaza kazi ya kutengeneza lubugo kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha yake. Tarehe 16 Machi 2010 makaburi ya makabaka huko Kasubi yakaungua. Mahali hapo, ambapo wamezikwa Mutesa wa Kwanza, Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili, palikuwa pamepambwa kwa lubugo. Kazi ya kujenga upya ikawa ndefu, na ni mwaka 2023 tu Kasubi ilipotolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Jengo la asili laungua siku moja. Lakini haliwezi kusimama tena kama hapana aliyepanda mti na nyasi zake miaka mingi kabla.

MTI MMOJA, NCHI MBILI

Wapo wasemao kwamba mti ni mti, na ukishapandwa popote umefanya wema. Habari ya musizi yawajibu.

Musizi ni mti wa Uganda, ukuao upesi na kutoa kivuli chema kwa mibuni. Jina lake la Kilatini lakumbusha mtu wa ajabu: tabibu Eduard Schnitzer, mzaliwa wa Silesia, aliyetumika katika dola ya Uthmani na kujulikana kwa jina la Emin. Alifika kwa Mutesa mwaka 1876, baadaye akawa liwali wa Ikweta, akakusanya mimea na ndege mpaka alipouawa Kongo mwaka 1892. Mwaka 1895 wataalamu wa Kijerumani waliupa mti huo jina lake.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha bustani ya Amani katika milima ya Usambara, Tanganyika, na baada ya muda musizi ukapelekwa huko. Mti uliokuwa mpole katika nchi yake ukawa mkali ugenini. Ndege walizitawanya mbegu zake, ukaingia katika msitu wa Usambara na kuishika nafasi ya miti isiyopatikana mahali pengine duniani. Na Uganda nayo imeteswa na wageni vivyo hivyo: mforosadi wa karatasi umeenea katika msitu wa Mabira, na gugu maji, lililotoka Amerika ya Kusini na kupendwa kwa ua lake, katika miaka ya 1990 lilifunika maji ya Port Bell hata mashua zikashindwa kutoka. Ndiyo maana bustani ya miti ya asili si anasa. Ni mahali pa kujifunza kila mmea una kwao wapi.

MVULE HAUKUI PEKE YAKE

Mvule wajulikana kwa jina karibu moja kwa Kiswahili na kwa Kiganda. Mbao zake ndizo zilizofanya milango, vitanda na madawati ya shule nyingi. Kwa ajili hiyo umekatwa sana, na mivule mikubwa imekuwa haba.

Mabwana wa misitu walijaribu zamani kuipanda mivule peke yake kwa safu, wakashindwa. Kuna mdudu mdogo atagaye katika majani machanga. Jani huvimba, huoza, na mche hufa ncha. Penye miche mingi ya mvule pamoja, mdudu huenda kutoka huu hadi ule, na kitalu kizima huharibika. Lakini mche uliotiwa katikati ya miti ya namna nyingine, chini ya kivuli cha kiasi, mara nyingi huokoka. Tena mvule una mti dume na mti jike. Jike pasipo dume karibu halizai. Na mbegu zake huchukuliwa na popo walao matunda usiku. Kampala yenyewe ina mtaa ulioitwa kwa ajili ya popo hao, waliokuwa wakining'inia kwa maelfu katika miti ya bonde lile. Watu waliwaona ni kero, kumbe ni wapandaji wa mivule wasiolipwa.

ZAMA ZA SASA

Kwa hesabu za serikali, misitu ilifunika kiasi cha asilimia 24 ya Uganda mwaka 1990. Ilipofika 2015 ilikuwa imebaki kiasi cha asilimia 9. Mwaka 2007 ilipotangazwa shauri la kutoa zaidi ya hekta 7,000 za msitu wa Mabira, ulio baina ya Kampala na Jinja, zipandwe miwa, watu wa Kampala walitoka barabarani mwezi wa Aprili, na watu wasiopungua 3 wakapoteza maisha yao katika ghasia. Shauri hilo liliachwa mwaka huo. Siku ile ilionyesha ya kuwa watu wa mji wana uchungu na miti ambayo wengi wao hawajapata kuiona. Uchungu ni mwanzo mwema, lakini haumwagilii mche maji.

Wapo waliochagua njia ya utaratibu. Nairobi, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kutafuta kuni za reli ilikuwa imechakaa. Mwaka 1993 raia wakafanya chama cha marafiki wa bustani hiyo, wakaanza kuisafisha na kuitia miti majina. Fort Portal, mwaka 2001, ilianzishwa bustani ya mimea ya Toro kwa kusudi la kuhifadhi mimea ya asili ya magharibi ya Uganda, yenye dawa, rangi na matunda. Na ufalme wa Buganda, uliorudishwa mwaka 1993, huikumbuka bulungi bwansi kila tarehe 8 Oktoba, na watu hupanda miti na kusafisha visima kama babu zao.

Kazi yenyewe katika bustani ya namna hii si ya fahari. Ni kufuata miti mama iliyobaki katika mashamba, shuleni na makaburini, na kuokota mbegu siku zinapoanguka. Hapo ndipo mtu wa kujitolea anapofaa kuliko mwenye mshahara aliye mbali, kwani mbegu za miti mingi ya asili haziwezi kungoja. Ngwabuzito, mti ambao gome lake huuzwa Ulaya kwa dawa ya wazee na ambao biashara yake imewekewa masharti ya mataifa tangu mwaka 1995, mbegu zake hufa upesi zisipopandwa zikiwa mbichi. Kisha ni kutia udongo katika mifuko, kunyunyiza maji asubuhi na jioni katika miezi ya kiangazi, kutandaza majani ya migomba, kung'oa magugu ya kigeni, na kuandika jina la kila mti kwa Kiganda, kwa Kiswahili na kwa Kilatini. Mwisho ni kuhamisha miche mvua za Machi au za Septemba zinapoanza. Mtu mmoja aweza kupanda mti. Lakini mkono mmoja haulei mwana, wala hauwezi kulea bustani.

HATIMA

Waislamu wamefundishwa ya kuwa apandaye mti, kisha akala matunda yake mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na ya kuwa mwenye mche mkononi asiache kuupanda hata kama Kiyama ki karibu. Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, aliyefariki mwaka 1991, alitoa ardhi yake huko Kibuli ikawa na msikiti na shule, na wengi waliopata elimu hapo hawakuwahi kumwona. Hiyo ndiyo maana ya wakfu: kutoa kwa ajili ya wasiozaliwa bado.

Ziko nyua za misikiti, viwanja vya shule na ardhi za makaburi ambamo mutuba, mvule, muwafu na abasi zaweza kusimama tena, bila ya kungoja amri wala fedha za serikali. Wako pia wazee wachache wajuao jina la kila mti na kazi yake. Miche yaweza kutafutwa hata mwaka ujao. Mzee akiisha kuzikwa, elimu yake haiokotwi tena chini ya mti. Basi kazi ya kwanza ya vijana watakaojitolea ni kwenda kwa wazee hao na daftari, wawasalimie kwa adabu, na wawaulize. Kazi ya pili ni jembe.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote waliotunza bila ya kutajwa, na awajaalie warithi wao mikono iliyo kama yao. Amin.